Uzi wa Kiunoni

Tangu azike binti yake aliyeuawa na ukimwi, Kokugonza alikuwa akimfunga mjukuu wake Kemilembe uzi wa mgomba kiunoni, kama mama yake alivyompima yeye utotoni: ukibana, mtoto amenenepa, ukilegea, amekonda. Mwaka mzima uzi ulilegea. Bibi alikaza fundo, akakaza tena, mpaka ncha zikaning'inia magotini.

Basi Jumapili moja ya mwaka 1991, uzi ukabana! Mashavu nayo yalikuwa yamejaa. Kokugonza alipiga vigelegele hadi majirani wakatoka migombani. Akakata mkungu mkubwa kuliko yote shambani, akaupeleka kanisani Chonyonyo kutoa shukrani. Waliokwisha kumchimbia mtoto kaburi midomoni mwao wakaone wenyewe!

Kesho yake akampeleka zahanati kumringishia nesi. Nesi hakucheka. Alibonyeza mguu wa mtoto kwa kidole gumba, akakiondoa, na shimo likabaki palepale.

"Bibi, huku si kunenepa. Ni maji."

"Mwongo! Uzi umebana!"

Nesi alimpa vidonge vya kutoa maji, maana dawa ya ugonjwa wenyewe, ule uliomuua mama wa mtoto, haikuwapo.

Maji yakatoka. Siku ya nne Kemilembe aliposimama uani, uzi uliteleza mapajani ukaanguka miguuni. Akauokota, akamletea bibi yake.

"Nifunge ubane, bibi," alisema. "Upige tena vigelegele."