Ndoo ya Mchanga ya Malkia

Jogoo wa jirani alikuwa hajamaliza kuwika, na Byabato alikwisha kupiga honi mara mbili, kukanyaga breki mara kumi, na kulizunguka gari na kitambaa mkononi akifuta pale pale alipofuta jana. Ndivyo alivyokuwa kila asubuhi, ila leo alizidisha. Alijaribu taa. Alipapasa magurudumu. Aliinama akatazama ile ndoo nyekundu yenye mfuniko iliyofungwa nyuma ya kiti cha dereva, akaona ipo, akaridhika. Hakuifungua. Nani hufungua ndoo ya mchanga asubuhi ya harusi?

Gari lenyewe lilikuwa jeusi, la Kimarekani, refu mno. Likikata kona ya soko la Bukoba watu walisema, "Kichwa kimefika, mkia bado uko njiani." Waliliita Malkia. Mwenyewe alikuwa Suryakant, muuza vitambaa, aliyelikodisha kwa maharusi na wageni wakubwa wa serikali, na Byabato alikuwa dereva wake kwa miaka sita.

Leo hakuna aliyelikodi. Leo Malkia alikwenda kumpeleka Jovita kanisani Nshamba, na Jovita alikuwa binti wa marehemu kaka yake Byabato, aliyelelewa hapa hapa mtaa wa Bakoba, mjini Bukoba, katika nyumba ya Byabato tangu akiwa na meno mawili. Suryakant alitoa ufunguo bila maneno mengi.

"Mtoto yako, mtoto yangu," alisema. "Lakini gari ikipata mkwaruzo, mimi si baba tena!"

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya Novemba, mwaka 1954. Kesho yake yalianza Majilio, na padri wa kule alikwishatangaza mara tatu mimbarini kwamba katika Majilio hafungi ndoa ya mtu, awe tajiri awe maskini. Misa ya ndoa ilikuwa saa tano, na ikipita saa sita hakuna misa tena. Na bwana harusi, Mwalimu Protase, alikwishapata barua ya uhamisho kwenda Ngara katikati ya Desemba. Nyumba ya shule kule hupewa mwalimu mwenye mke. Kwa hiyo ni leo kabla ya saa sita, au mwalimu aende zake peke yake na Jovita abaki Bakoba akihesabu miezi.

"Klaudia! Mtoke jamani!" Byabato aliita. "Jua halingoji mtu kupaka mafuta!"

Klaudia alikuwa dada yake, mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuvusha ng'ombe mto. Yeye ndiye shangazi wa bibi harusi, na siku ya harusi shangazi ni serikali. Alitoka akitabasamu kama mtu aliyeficha kitu.

"Wewe na honi yako," alisema. "Shangazi amekwisha kufanya kazi tangu usiku wa manane, wewe unafuta vioo."

Byabato angeuliza kazi gani, yasingetokea yaliyotokea. Lakini Jovita alitoka wakati ule ule, gauni jeupe, shela hadi kiunoni, na vigelegele vikapigwa mpaka jirani wa mtaa wa pili akatokeza kichwa. Byabato alisahau kuuliza. Machozi yalimtoka, akasingizia moshi wa jikoni.

Waliingia abiria saba, idadi kamili iliyoandikwa kwa rangi mlangoni. Safari ilikuwa ya raha tupu. Mvua ya usiku ilikuwa imelaza vumbi, migomba iling'aa pande zote, na kila walipopita watu waliacha majembe wakapunga. Ulikuwa msimu wa senene, wale panzi watamu wa kukaanga. Wanawake na watoto walikuwa bado majanini wakiokota. Wasichana wawili waliomsindikiza Jovita waliimba nyimbo zote wanazozijua, zikaisha, wakazianza upya.

Walipobakiza maili moja na nusu kufika Nshamba, chini ya mlima wa mwisho, walikuta ubao umelazwa barabarani. Saa ya Byabato ilionyesha saa nne na robo.

Kando ya ubao alisimama Rwegasira, mkaguzi wa magari ya kukodi. Byabato alimfahamu, nani Bukoba asimfahamu? Kaptula ya kaki iliyopigwa pasi mpaka ingeweza kukata mkate, daftari, baiskeli. Alikuwa Mhaya wa Rubafu, lakini akivaa zile kaki hakusema neno la Kihaya, hata ukimkanyaga kidole.

"Wabonaki, waitu!" Klaudia alimsalimu kwa furaha, kichwa nje ya dirisha.

"Habari ya asubuhi, mama," Rwegasira alijibu kwa Kiswahili. "Dereva, shuka. Ukaguzi."

"Mkaguzi, leo sikukodiwa. Ni mwanangu namwoza."

"Gari limeandikwa la kukodi. Hata likibeba kuku, ni la kukodi. Honi."

Honi ikalia. Taa zikawaka, zote nne. Breki zikashika hata Malkia akatingishika. Rwegasira alihesabu abiria kwa kalamu, akawakuta saba, akawahesabu tena kutoka upande wa pili. Alipima magurudumu kwa kidole. Uso wake ulianza kusikitika kama wa mtu anayekosa chakula.

Wakati huo lori la kahawa lilishuka mlima likielekea bandarini, magunia yamepanda juu ya kichwa cha dereva, na juu ya magunia watu kumi na zaidi wameshikana mashati. Taa moja haikuwepo kabisa; lilibaki tundu. Rwegasira aliinua ubao haraka, akalipungia lipite.

"Na hilo je?" Byabato aliuliza.

"Hilo limebeba kahawa. Meli haisubiri. Mchanga wa kuzimia moto uko wapi?"

Byabato alijikuta anatabasamu. Hapo ndipo madereva wengi hukwama, si yeye. Alifungua mlango kwa madaha, akaonyesha ndoo nyekundu.

Rwegasira aliinua mfuniko.

Lo! Senene waliruka kama wamefunguliwa gereza. Walimpiga usoni, wakaingia kwenye shati, mmoja akakaa kwenye masharubu. Gari zima likapiga mayowe, na Rwegasira, kwa mkono mwepesi ambao hakufundishwa na serikali yoyote, akaukandamiza mfuniko kabla hawajatoka wote.

Kisha Byabato akageuka polepole.

"Klaudia. Mchanga wangu uko wapi?"

"Nimeumwaga migombani," alisema Klaudia, bila aibu. "Nilitafuta chombo chenye mfuniko mzuri, nakuta wewe umeweka mchanga. Nani anakwenda harusini na ndoo ya mchanga? Hawa ni senene wa omugole, wa bibi harusi! Kawaokota mwenyewe kwa mikono yake, wa kwanza kumpelekea mume. Ulitaka aende mikono mitupu, aibu iwe ya nani?"

Kila mtu pale alijua desturi: mke huokota senene wa msimu, humpelekea mume, na mume akiisha kula lazima amnunulie gauni. Hata Rwegasira alijua. Alimchomoa yule wa kwenye masharubu, akamtazama kidogo, kisha akafungua daftari.

"Gari la abiria halina mchanga," aliandika huku akisoma kwa sauti. "Injini isiwashwe likiwa na abiria ndani, mpaka mchanga upatikane na ukaguliwe ofisini Bukoba. Jumatatu. Beji yako."

"Mchanga si huu hapa barabarani? Ngoja nichote!"

"Umelowa. Sheria inasema mkavu, wa ziwani, uliochekechwa. Beji. Na ndoo hii ni ushahidi."

Byabato alifungua ile beji ya shaba ya udereva kifuani, namba 41, akamkabidhi. Jovita alikuwa ameanza kulia chini ya shela, na safari hii hakuna aliyesingizia moshi.

"Baba mdogo, nitatembea," alisema. "Si maili moja na nusu tu?"

"Hutembei!" Klaudia alifoka. "Bibi yako alibebwa begani hadi kwa mumewe. Mimi nilibebwa, na nilikuwa na uzito huu huu. Wewe hutakanyaga matope kwa sababu ya ndoo!"

Byabato aliiomba ile karatasi. Aliisoma mara ya kwanza, akaisoma tena, mdomo ukitembea. Halafu akacheka. Alicheka mpaka akashika boneti.

"Mkaguzi. Umeandika injini isiwashwe."

"Ndiyo."

"Hujaandika gari lisiende."

Byabato alikwishakaa kwenye usukani, ameweka gia huru, ameegemeza mkono kwenye honi. Akapiga honi ndefu, ya mwito, bonde zima likasikia.

Watu walitoka migombani. Mwanzoni wanne, kisha kumi, wanaume waliokuwa wakipogoa migomba, wanawake wenye vikapu vya senene. Klaudia aliwaeleza kwa Kihaya, kwa ile sauti yake, na kila alipotaja ndoo waliinama kwa kucheka. Mtu akaleta kamba za migomba zilizosokotwa, zikafungwa mbele. Wengine wakashika mkia.

"Omugole anabebwa!" Klaudia alipaza sauti. "Vuta!"

Malkia akaenda. Aliupanda mlima bila injini, na wimbo wa harusi ndio uliokuwa petroli yake. Rwegasira alifuata nyuma akikokota baiskeli, ndoo imening'inia kwenye usukani, akitega sikio kama injini italia. Haikulia.

Kwenye mwinuko mkali kuliko yote kamba moja ilikatika. Gari lilirudi nyuma hatua mbili, tatu, wanawake wakapiga kelele. Byabato alikanyaga breki kwa miguu yote miwili, na breki zikashika, zile zile alizozijaribu mara kumi alfajiri. Alipotazama kwenye kioo aliona kofia ya kaki imebanwa kwenye mkia wa Malkia. Rwegasira alikuwa ameitupa baiskeli mtaroni na kuweka bega.

"Msukume, msitazame!" alifoka jasho likimtoka. "Mnataka lirudi na watu?"

"Si mkaguzi huyo?" mtu aliuliza, na kicheko kikawapa wote nguvu mpya.

Juu ya mlima walikutana na upande wa bwana harusi, waliosikia makelele wakaja mbio na ngoma. Basi ilikuwa si kusukuma tena, ilikuwa kucheza. Kengele ya kanisa iligonga saa tano na nusu Malkia akisimama mlangoni, na Jovita akashuka juu ya mkeka, viatu vyake vyeupe havina hata doa. Mwalimu Protase alikuwa amekunja leso mpaka imekuwa kamba. Padri alitazama saa, akatazama umati uliojaa matope, akasema tu, "Ingieni, ingieni upesi." Wakafunga ndoa. Rubisi, pombe ya ndizi, ilinyweka siku ile mpaka mitumbwi ya wavuvi ingeweza kuelea.

Jumatatu asubuhi Byabato alikuwa kwenye benchi la ofisi ya ukaguzi Bukoba, pamoja na madereva wengine watano. Klaudia alikuwa amekuja naye, ingawa hakualikwa.

Rwegasira aliiweka ile ndoo nyekundu mezani, na karatasi kando yake.

"Weka sahihi. Bwana Mkubwa amekwisha kuweka yake. Beji inakaa hapa wiki mbili."

Byabato alisoma. *Gari lilikutwa na ndoo tupu.* Alifunua mfuniko. Kweli ilikuwa tupu. Chini kabisa kulikuwa na mguu mmoja wa senene, umekaangwa vizuri, na harufu ya kitunguu.

"Ndoo haikuwa tupu, mkaguzi," alisema kwa upole. "Ilijaa. Andika kilichokuwamo, nami nitasaini."

"Ilikuwa haina mchanga. Ni kitu kimoja."

"Si kitu kimoja. Aliyesoma hii atasema Byabato ni dereva mzembe, miaka sita bure. Andika: senene. Halafu mtu wa mahakama akiuliza wako wapi, utamwonyesha."

Rwegasira alishika kalamu, asiandike. Ndipo Klaudia alipoinuka, akaja mezani, akatia pua ndani ya ndoo.

"Na kitunguu kabisa," alisema. "Basi tuyaache ya sheria, hayo ni yenu. Mimi nauliza ya kwetu. Senene wa bibi harusi, wa kwanza, aliowaokota kwa mikono yake. Aliyewala ni nani? Maana mumewe hakuwaonja. Na sisi wote hapa tunajua mwanamume akila senene wa mwanamke anadaiwa nini."

Madereva watano waliangua kicheko kwa pamoja. Mmoja alianguka kutoka benchini. Rwegasira alitazama mlango wa Bwana Mkubwa, mkuu wa ofisi; ulikuwa umefungwa. Alitazama kaki zake. Kisha akainama mbele, akashusha sauti, na kwa mara ya kwanza katika ofisi ile akazungumza Kihaya.

"Waitu, dada," alinong'ona. "Anapenda rangi gani?"

"Ya maji ya bahari," Klaudia alijibu papo hapo. "Kwa Suryakant ipo. Na ni mrefu, yule. Chukua yadi nne."

Rwegasira alifuta neno *tupu* kwa wino, akaandika juu yake *senene*, herufi ndogo sana. Byabato akaweka sahihi. Lakini beji ilibaki kwenye mtoto wa meza. Wiki mbili ni wiki mbili. Bwana Mkubwa alikwishasaini, na hakuna wa kumgongea mlango kwa ajili ya beji namba 41.

Walitoka nje, ndoo mkononi. Byabato alishuka nayo hadi ufukweni kutafuta mchanga mkavu. Lori la kahawa lilipita barabara ya bandarini, lile lile lenye tundu badala ya taa, watu juu ya magunia wameshikana mashati. Walimtambua, habari ilikwishafika Bukoba.

"Byabato! Leo umebeba nini?" walimwitia.

Aliinua ndoo juu wote waione, akacheka, kisha akapiga magoti akaanza kuchekecha.