Futi Iliyofungwa Funguo

Mtaani walimwita Pini, na si kwa sababu ya kazi yake ya cherehani bali kwa sababu ya ulimi. Dharau alikuwa nayo ya kugawa na ikabaki. Aliwadharau wanaume wanaojua saizi ya viatu vyao lakini hawajui ya kiuno, na aliwadharau mabibi harusi wanaobana pumzi wakipimwa kisha wakalalamika gauni linabana. Asubuhi hiyo, kliniki, alikuwa akimdharau muuguzi.

Muuguzi huyo aliitwa Bi Kadi, kwa kuwa aliiamini kadi kuliko mtoto aliyeletwa nayo. Alizungusha futikamba yake kichwani mwa mjukuu wa Pini, mtoto wa miezi minne, akaweka nukta kwenye mchoro.

"Sentimita arobaini na tatu. Mwisho mwisho wa mstari, lakini ndani. Mtoto mzima huyu. Anayefuata!"

Bintiye Pini, mama wa mtoto, hakuinuka. "Sista, anatapika kila asubuhi. Na macho yake yameangukia chini, kama anatafuta kitu kidevuni."

"Mama, kadi inasema yuko sawa."

"Basi inyonyeshe hiyo kadi," alisema Pini. "Mimi mume wangu huyu nimemshonea kofia tatu kwa wiki sita. Ya tatu leo imegoma kuingia. Kitambaa hakina sababu ya kunidanganya."

"Bibi, hapa si kwa fundi cherehani."

"Naona. Kwa fundi kuna kipimo."

Bi Kadi alikunja uso, akairudisha futi yake kwenye msumari ukutani. Hapo ndipo Pini alipoona. Kwenye ncha ya ile futi ya kitambaa lilikuwa limefungwa fungu la funguo za makabati, zito kama jiwe la mizani.

"Nani kafunga hizo?"

"Mimi. Futi zilikuwa zinaibiwa. Nani ataiba na funguo zinalia?"

"Tangu lini?"

"Mwaka wa saba sasa."

Pini alicheka kicheko ambacho wateja wake waliokosea vipimo walikifahamu. Aliivua futi yake shingoni, akaenda ukutani bila kuomba ruhusa, akazilaza zote mbili mezani, sifuri kwa sifuri. Namba arobaini na tatu ya Bi Kadi ilikaa ubavuni mwa arobaini na tano ya Pini.

"Miaka saba umeinyonga, imerefuka. Vichwa vinakua, wewe unasoma vidogo. Hongera, sista. Hata mimi na ulimi wangu huu sijawahi kumpunguza mtu kichwa."

Bi Kadi aliziangalia zile namba mbili. Aliandika barua ya rufaa, na walipokuwa wakitoka, alikuwa amevuta droo ya kadi za watoto na kuanza kuzitoa, moja moja.

Kwenye hospitali ya rufaa, daktari wa upasuaji alikuwa binti mdogo aliyevaa kandambili za plastiki. Pini alizidharau kandambili, lakini alisikiliza.

"Katikati ya ubongo kuna vyumba vinne vidogo vyenye maji," daktari alisema, akichora nyuma ya bahasha. "Maji mapya yanatengenezwa muda wote. Yanapita kwenye vijia vyembamba, yanatoka kuuzunguka ubongo, kisha yananyonywa na kurudi kwenye damu. Kwa mtoto mchanga njia hizo za kutokea bado zinakomaa. Kwa huyu, kijia kimoja kimeziba. Maji yanazidi kujaa, na mifupa ya kichwa haijaungana, kwa hiyo kichwa kinatanuka."

"Maji yote hayo na mlango mmoja!" alisema Pini. "Patani hiyo ya nguo ningeikata mimi, mteja angenirudishia usoni."

Bintiye hakucheka. "Ataona, daktari? Atanijua mimi nani?"

"Tukiyatoa sasa, ubongo unapata nafasi ya kukua. Mngekaa mwezi mwingine, nisingethubutu kukuambia hivyo." Alichukua futi ya karatasi, akapima. "Arobaini na tano na nusu."

"Arobaini na tano," Pini alisahihisha.

"Na nusu, mama. Hizi tunatumia mara moja tunatupa. Yako unaitunzaje?"

Pini aliigusa futi shingoni.

"Ameifunga mkasi," bintiye alisema polepole. "Usipotee."

Ule mkasi mdogo wa kukatia nyuzi ulikuwa ukining'inia pale pale kifuani pake. Pini aliufunika kwa kiganja. Alikumbuka kofia tatu, moja baada ya nyingine, kila moja kubwa kuliko mwenzake, na majirani aliowatambia kwamba mjukuu wake ana kichwa cha hakimu. Wiki sita mikono yake ilijua, mdomo ukawa unapiga domo.

Mtoto alipasuliwa siku iliyofuata. Walimwekea mrija mwembamba chini ya ngozi, kutoka kichwani, nyuma ya sikio, hadi tumboni, ambako mwili ungeyanyonya maji wenyewe. Siku ya tatu utosi uliokuwa umetuna kama mpira ulilegea, na kutapika kukakoma. Macho bado yalikuwa chini.

Siku ya tano bintiye alikuwa amelala kitini. Pini, mtoto mapajani, alikuwa akipima kofia ya nne kwa futi ya karatasi aliyoomba kwa daktari, kwa adabu, jambo ambalo mtaani wasingeliamini. Alihisi anaangaliwa.

Macho ya mtoto yaliondoka kidevuni. Yalipanda taratibu, yakapita mkono wake, yakapita shingo isiyo na futi, yakafika usoni, yakatulia.

"Unaangalia nini, mume wangu?" Pini alinong'ona, akitikisa bega la bintiye ili naye aone. "Hujawahi kuona mjinga?"