Fimbo za Mzee Futikamba

Hakuna mtu mkweli mbele ya futi kamba. Mwambie mtu unataka kumpima suruali, na papo hapo tumbo linarudi ndani, kifua kinatoka nje, shingo inarefuka kama ya mtu anayetafuta jina lake kwenye ubao wa matokeo. Ukimshonea huyo, umemshonea mtu ambaye hayupo. Aliyepo atakuja kuichukua nguo, ataketi, kifungo kitaruka, na lawama zote atabebeshwa fundi.

Mzee Futikamba aliyajua haya kuliko alivyolijua jina lake la kuzaliwa, ambalo hata majirani walikuwa wamelisahau. Alikuwa fundi cherehani tangu ndevu hazijamtoka mpaka zikaota mvi, na dawa ya uongo wa wateja alikuwa nayo. Hakumwambia mtu apumue, kwa maana ukimwambia apumue ndipo anazidi kujikaza. Alimwuliza jambo la moyoni. Mama mkwe hajambo? Yule kijana wako aliyekuwa anaumwa, ameinuka? Mteja akacheka, au akashusha pumzi, tumbo likarudi kwao, na Futikamba akafunga futi kabla mwenyewe hajashtuka. Ndiyo sababu nguo zake zilikaa mwilini hata kwa watu wenye miili ya ubishi.

Alipomkabidhi binti yake duka, cherehani, na wateja wenye maneno mengi, watu walidhani sasa atakaa mlangoni kwake awe anakosoa mishono ya wapita njia. Hilo alilifanya kwa wiki chache. Kisha akatangaza kwamba anajifunza gofu.

Binti alicheka mpaka akaweka mkasi chini. Lakini mzee hakuwa anatania. Alieleza kuwa daktari amemshauri atembee. Ilikuwa kweli, ila haikuwa kweli yote. Kweli yote ilikuwa mkewe.

Mkewe alikuwa karani wa posta kabla ya kustaafu, na mchezo huo aliuanza huko kazini na wenzake, akaupenda, akaujua. Kila Jumamosi asubuhi alitundika mkoba wa fimbo begani, akapita mbele ya cherehani, akasema, "Haya, nakwenda." Na mume akajibu "Haya" bila kuinua kichwa. Kwa fundi cherehani Jumamosi si siku ya mke. Kila mtu ana shughuli yake na kila mtu anataka nguo yake sasa hivi, hata yule aliyeleta kitambaa jana jioni. Kwa hiyo mke akaenda kwenye majani mabichi, mume akabaki na mvuke wa pasi, na hivyo ndivyo walivyozeeka. Hawakugombana. Walipishana tu njiani, kila wiki, kwa heshima.

Sasa mzee alizitaka Jumamosi zake. Aliona haya kulisema hivyo kwa mwanamke aliyemzalia watoto, basi akamsingizia daktari.

Mwanzoni alijifunza kwa fimbo za shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu mrefu kama nguzo, aliyekuwa msimamizi wa ghala na ambaye sauti yake kubwa haijapata habari kwamba ghala limeachwa. Fimbo hizo zilimpwaya fundi. Alizishika katikati, zikamchoma tumbo. Mkewe alimtazama siku mbili tatu, akasema nguo ya kuazima haisitiri matako, na kwamba kabla hajavunjika kiuno aende kwa mtaalamu akapimwe fimbo za chuma zinazomfaa yeye. Halafu akaongeza neno ambalo mzee alilala nalo.

"Shindano la wawili wawili liko karibu. Kila mwaka nacheza na kaka. Mwaka huu ukiweza kuupeleka mpira mbele bila kutuaibisha, nitacheza na wewe. Usipoweza, utatusubiri kivulini na chupa ya chai. Sitakuonea huruma, unanijua."

Alimjua. Lakini hofu hakuwa nayo. Kupimwa? Hilo ni eneo lake. Ikiwa kuna mtu duniani anayejua maana ya kitu kukaa mwilini, ni yeye.

Karakana ya fundi wa fimbo ilikuwa chumba kirefu chenye meza yenye jiliwa la kubania vyuma upande mmoja na wavu mnene upande wa pili. Fundi mwenyewe alikuwa mwanamke wa makamo, aproni ya ngozi, miwani ikining'inia kifuani kwa uzi. Futikamba alimpenda tangu alipoiona futi yake imeviringishwa vizuri, si kutupwa tupwa. Alieleza kazi yake kwa ufupi. Atapima toka kifundo cha mkono hadi sakafuni, apate urefu wa mpini. Kisha atabandika utepe chini ya kichwa cha fimbo, mzee apige mpira juu ya ubao, na alama itakayobaki kwenye utepe itasema kama kichwa kinalala sawasawa. Alama ikiwa katikati, ni heri. Ikiwa kisiginoni au kwenye ncha, kichwa kitapindwa kidogo kwenye jiliwa mpaka kikubali.

Mzee alitikisa kichwa kwa kuridhika. Hayo ni mambo ya pindo na mkato, kasoro kitambaa tu.

Tatizo lilikuwa shemeji. Alikuja kusindikiza, akaketi kwenye kigoda, akaanza utani. Akataka kujua kama wanapima fimbo au mkongojo. Akamwuliza fundi kama ana saizi ya watoto. Mwanamke akacheka kidogo, na futi ikakaribia.

Mgongo wa Futikamba ukanyooka. Mgongo ule ulioinamia cherehani miaka yote, uliokuwa na kibyongo chake kidogo cha halali, ukasimama kama umeitwa gwaride. Mabega yakaenda nyuma. Alipopewa fimbo alipiga kwa nguvu ambazo hata kwenye ujana wake alizitumia kwa mikopo, na mpira ukajaa wavuni kwa kishindo. Shemeji akanyamaza, na ule ukimya ukawa mtamu kuliko asali.

Fundi alimtazama juu mpaka chini. "Baba, ndivyo unavyosimama siku zote?"

"Siku zote, mwanangu."

Akauliza tena kwa namna nyingine, mzee akajibu vilevile. Basi mwanamke akafanya anachofanya fundi yeyote aliyehakikishiwa mara mbili. Akachagua mipini mirefu kidogo na migumu, inayofaa mtu wa kasi, akapinda vichwa vimfae mtu aliyesimama wima.

Fimbo zilipotoka ziling'aa. Mzee alizibeba mjini kwa njia ndefu ili aonekane nazo.

Kwenye uwanja wa mazoezi zikamkana. Kila alipopiga, kisigino cha fimbo kilichimba udongo, ncha ikatazama juu, mpira ukatambaa kushoto mpaka kwenye uzio. Akapiga tena, kushoto. Akahamia upande mwingine wa uwanja, kushoto. Alilaumu majani, akalaumu umande, akalaumu mipira kwamba imezeeka. Shemeji aliyekuwa karibu akamshauri kwa upendo mkubwa kwamba ageuke alitazame uzio, pengine mpira utaingia uwanjani. Mkewe alisimama tu na fimbo yake, akamtazama mumewe, kisha akaangalia saa, na kule kuangalia saa kulimwumiza mzee kuliko utani wote wa shemeji.

Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja dukani kwa binti yake, kusema anachofikiri kuhusu mafundi wa siku hizi. Yule si fundi, alisema, yule ni mchomea vyuma. Akatoa fimbo kwenye mkoba, akasimama mbele ya kioo kirefu cha wateja, aonyeshe kwa vitendo jinsi alivyoharibiwa.

Ndipo akamwona mtu kwenye kioo. Mzee mmoja aliyepinda vizuri kuanzia mabegani, mikono imening'inia chini karibu na magoti, na chini yake fimbo ndefu iliyosimama kwa kisigino, ncha juu, kama kiatu cha mtu aliyeketi. Futikamba akamtazama. Taratibu akanyoosha mgongo. Mikono ikapanda, na kichwa cha fimbo kikalala sakafuni sawasawa, kizuri, kama kilivyokuwa karakanani. Akalegea, kikainuka. Akajinyoosha, kikalala.

Binti alikuwa ameacha kushona.

"Baba," alisema polepole, "ulijikaza."

Mzee akaishusha fimbo. Kinyozi hajinyoi, watu husema, lakini huyu alikuwa amejinyoa mwenyewe, tena na sikio akaondoka nalo. Fundi wa watu alikuwa amepima vizuri. Alimpima mtu ambaye hayupo.

Kumwambia mkewe kulimchukua chakula kizima cha jioni. Alizungukia mchuzi, akazungukia habari za wajukuu, mwisho akasema kwamba fimbo ni nzima, mwongo ni yeye, na kwamba angependa mkewe amsindikize karakanani, kwa sababu shemeji akija tena mambo yatakuwa yale yale. Mkewe aliendelea kutafuna. Akasema sawa.

Fundi wa fimbo hakushangaa hata kidogo. Alisema wanaume wengi hurudi, tena wengine hawakiri mpaka wamelaumu umande. Vitu vyote vilirekebishika: mipini mirefu na migumu ingebadilishwa kwa mifupi inayonyumbulika, vichwa vingepindwa upya. Futikamba akaelewa kabisa. Nguo ikimkataa mtu, fundi haichomi moto, anaifumua.

Kilichobaki ni kusimama alivyo. Na hapo pakawa pagumu. Alilegeza mabega kwa hiari yake, akapinda inavyostahili, akajiona mkweli. Lakini futi ilipokaribia, mwili ukampita. Mgongo ukanyooka wenyewe. Akacheka, akaomba radhi, akaanza upya. Ukanyooka tena. Alijua dawa ya jambo hilo, aliitumia maisha yake yote, lakini dawa ile mtu hawezi kujipa. Aliwaza kivuli na chupa ya chai.

Mkewe alikuwa ameketi kwenye kigoda kile kile cha kaka yake, mikono mapajani. Akasema, kwa sauti ya kuuliza bei ya nyanya:

"Ile Jumamosi ya kwanza nilipokwenda kucheza. Nilikuaga, ukaniitikia umeinama tu. Ulikuwa unashona nini?"

Futikamba alikisahau chumba kizima. Aliiona ile asubuhi, viatu vipya vyeupe vya mkewe, mlango ukiwa wazi, na yeye ameinama juu ya cherehani, mguu unakanyaga, gurudumu linazunguka.

"Sikuwa nashona kitu," alisema. "Uzi ulikuwa umekatika zamani. Nilikuwa nakanyaga tupu, usije ukaniona uso. Nilitaka kwenda na wewe."

Pumzi ilimtoka yote. Mabega yakashuka, mgongo ukarudi kwenye umbo lake, mikono ikaning'inia mahali pake pa siku zote.

"Mpime sasa," mkewe akamwambia fundi.

Futi ilikuwa imekwisha pita. Fundi akavaa miwani, akasoma, akaenda mezani. Mkewe alibaki pale pale kigodani, akijipangusa macho kwa ncha ya kitambaa cha kichwa, na mzee akajifanya anachunguza jiliwa.

Jumamosi ya shindano shemeji ndiye aliyekabidhiwa chupa ya chai. Aliipokea kwa manung'uniko, akakaa kivulini, lakini sauti yake haikukaa. Futikamba aliposimama mbele ya mpira wa kwanza, na watu wakiwa wamejipanga kando wanatazama, shemeji akataka kujua mbona leo shemeji yake amekuwa mfupi.

"Ndio urefu wangu, shemeji," mzee akasema. "Wa jana ulikuwa wa kuazima."

Watu wakacheka, naye akacheka nao, na kicheko kikamlegeza vizuri zaidi. Aliinama kama alivyoinamia kazi maisha yake yote. Fimbo ikalala kwenye majani yote, kisigino na ncha. Akapiga bila haraka. Mpira haukwenda mbali, hata mtoto angeweza kuufuata kwa macho, lakini ulinyooka katikati ya uwanja kama mshono wa bega, ukadunda, ukatulia panapotakiwa.

Mkewe hakumpigia makofi. Alitundika mkoba begani kama Jumamosi zote, akapiga hatua mbili mbele, akageuka.

"Haya," alisema, "twende."

Mzee Futikamba akainua kichwa, akaitikia.