Safari ya Kwenye Simu

Mtaani walimwita Barafu. Sababu kubwa ilikuwa kazi: alitengeneza mafriji, na karakana yake ilijaa milango isiyo na friji na mafriji yasiyo na milango. Sababu ndogo, iliyosemwa akishapita, ni kwamba ukimsalimia anaitikia, kisha basi. Hakuwa mkali wala mwenye maringo. Maneno tu yalikuwa hayamtoki. Mkewe alizoea kuwaambia wageni, “Msimwogope, huyu huongea na mota tu,” naye alicheka na kuendelea kunyamaza, maana mwenye kusema alikuwepo.

Mwenye kusema alipofariki, nyumba ikapoa. Ikawa mtu akiweka kijiko mezani, anasikia kijiko.

Walikuwa na mtoto mmoja, binti, aliyekwenda kufanya kazi kwenye kiwanda cha maziwa katika nchi ya mbali, nchi kubwa kiasi kwamba jua likichomoza upande huu, upande ule watu wamelala fofofo. Enzi za mama yake simu za huko zilikuwa ndefu mpaka simu inapata moto. Mama alicheka, alifoka, aliulizia bei ya nguo, alisengenya ukoo mzima, na mwisho alimgeukia mumewe aliyekaa kitini: “Mwanao huyu, unamwambia nini?” Barafu alipunga mkono. “Mwambie nipo.” Na kutoka upande wa pili ilirudi sauti ndogo: “Msalimie baba.” Kwa miaka mingi baba na binti walipendana hivyo, kupitia kwa mtu wa katikati, na hakuna aliyeona kasoro.

Baada ya mazishi binti alirudi kazini kwake, na kila Jumapili alasiri akawa anapiga. Huko kwake huwa ni asubuhi.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba. Hujambo?”

“Sijambo. Umekula?”

“Nimekula. Wewe?”

“Nimekula.”

“Kazi?”

“Nzuri.”

“Haya.”

“Haya, baba.”

Ndiyo imeisha. Barafu alibaki ameshika simu kama mtu aliyeuziwa kitu hewa. Alitamani kupiga tena amwambie neno jingine, ila neno lenyewe hakuwa nalo. Simu ya picha aliikataa siku ya kwanza tu. Alisema inamwonyesha matundu ya pua. Ukweli ni kwamba kwenye picha ukimya ungeonekana.

Ikaja Jumapili moja, pengine kwa kukosa la kusema, binti akasema, “Baba, kwa nini usije huku likizo?”

Barafu hajawahi kwenda likizo maishani mwake. “Ni mbali?” akauliza.

Basi hapo bomba likafunguka. Binti akaeleza ndege mbili na uwanja wa katikati ambao mtu hutembea mpaka miguu inamkana. Akaeleza ziwa ambalo ukisimama ukingoni huoni ng’ambo. Wangepumzika siku moja, wangeenda ziwani, kisha wangekodi gari na kuendesha siku mbili kwenye tambarare isiyo na mlima wala mji, mpaka kwenye treni yenye vitanda inayopanda milimani. Barafu aliuliza, akajibiwa, akauliza tena. Walipoagana sikio lilikuwa la moto. Alikaa akaligusa, akatabasamu peke yake.

Kuanzia hapo maisha yake yakapata Jumapili. Alinunua ramani ya nchi ile akaibandika kwenye mlango wa friji bovu pale karakanani, na wiki nzima, mkono mmoja ukiwa ndani ya friji la mtu, jicho lilikuwa kwenye ramani likitafuta swali. Maana swali ndilo lililokuwa mali. Jumapili mtu asiye na swali huambiwa “haya” tu.

“Hilo ziwa,” aliuliza, “lina nini ambacho maziwa mengine hayana?”

“Lina ukubwa, baba.”

“Na jangwa la kusini?”

“Tukitaka tutapita. Joto lake ni balaa.”

“Joto nalijua. Tuliache. Na huko juu kwenye theluji?”

“Kuna baridi, utaipenda.”

“Baridi ndiyo kazi yangu, mwanangu. Niende likizo kazini?”

Binti aliangua kicheko. Kilikuwa kicheko cha mama yake kitupu, kile cha kuanzia puani, na Barafu ilimbidi ashike meza. Alikuwa hajui kwamba naye anaweza kumchekesha mtu.

Siku moja maneno yakakatika katikati, na ukimya ulipoingia akasikia kitu nyuma ya sauti ya binti. Akabana simu sikioni.

“Friji lako linakoroma.”

“Linakoroma tangu nihamie.”

“Umelibana na ukuta. Livute mbele kidogo, lipumue.”

Akamsikia akilivuta, akihema, akirudi. “Limenyamaza!” binti akasema kwa furaha ya mtoto. “Baba, we mchawi.” Barafu aliishi kwa neno hilo mpaka Jumapili iliyofuata.

Sasa msomaji atauliza, kama mtu alifurahi hivyo, si angekata tiketi akaenda? Hilo ndilo aliloliuliza dada yake pia. Dada mtu alikuja siku moja kumletea chakula, akafungua droo kutafuta kijiko, akakuta pasipoti yenye viza imelala kati ya bisibisi.

“Kaka, hii viza mpaka itoke mvi ndiyo uende?”

“Bado tunapanga.”

“Mnapanga nini muda wote huu? Hata jeshi likienda vitani halipangi hivyo! Mtoto wa watu unampiga danadana. Leo hutaki jangwa, kesho hutaki theluji, mara gari lina milango mingapi. Unataka nini?”

Barafu akajifanya hamnazo, akaanza kumsifu kwa chakula kabla hajakionja. Dada akasonya, akafunika sufuria, akaondoka amenuna.

Alichotaka Barafu alikijua, ila hakikuwa kitu cha kumwambia dada. Alitaka kuendelea kupanga. Tiketi ikikatwa mipango imeisha, na mipango ikiisha, Jumapili wangeongea nini? Alijiona kama mtu anayekula polepole makusudi ili sahani isionekane chini. Na chini ya hofu hiyo kulikuwa na nyingine, aliyoikwepa zaidi. Ilikuwa ni zile siku mbili za gari. Kwenye simu maneno yakiisha mnaagana, kila mtu na heshima yake. Ndani ya gari, tambarare mbele, tambarare nyuma, mkishaamkiana na kuulizana kama mmekula, nani atamuaga nani? Angekwenda mbali kiasi kile kumwonyesha mtoto kwamba hana baba wa kuongea naye. Bora asiende, abaki na mtoto wa kwenye simu.

Basi akaendelea kupiga chenga. Likizo ikasogezwa, ikasogezwa tena, na tena. Hadi Jumapili ile binti aliposalimia, na sauti haikuwa na mchezo.

“Baba, msimamizi wangu ameniita. Likizo nimeihamisha mara tatu. Amesema nikiihamisha tena hatanipa. Nataka jibu leo.”

Barafu akakohoa. Ilikuwa nafasi ya kusema. Akafungua mdomo, na kilichotoka ni hiki: “Kwani ile treni, kitanda cha juu unapanda kwa ngazi?”

Binti akashusha pumzi.

“Hilo uliniuliza, baba. Mara mbili. Nikakujibu.”

“Ah. Nimesahau.”

“Hujasahau. Nimekupangia, nimepangua, nimekupangia tena. Kila nikimaliza unatoa kasoro. Kama hutaki kuja kwangu si useme tu? Mimi si mtoto.”

Alitaka kusema si hivyo, mwanangu, si hivyo hata kidogo. Mkono wake ulipunga wenyewe hewani, kama zamani, kana kwamba bado kuna mtu wa kumsemea.

“Haya, baba,” binti akasema, na simu ikakatika.

Jumapili iliyofuata simu haikulia. Barafu aliichomeka kwenye umeme ingawa ilikuwa imejaa. Akaitoa, akaizima, akaiwasha. Alimwomba jirani ampigie ajue kama ni nzima. Ikalia vizuri sana, ikamtia uchungu zaidi. Jumapili nyingine ikaja, nayo ikapita bubu. Aliikunja ramani na kuisukumia nyuma ya friji bovu, kisha hakuwa na pa kuangalia. Upweke alioujua baada ya msiba ulikuwa wa kuletewa. Huu alikuwa amejitengenezea kwa mikono yake, na uliuma vingine.

Siku hizo alisikiliza upya, kichwani, zile simu zote. Ni mtu wa kusikiliza. Friji hulitegea sikio kwanza kabla ya kulifungua. Akamsikia binti akieleza ziwa, akamsikia akicheka, na nyuma yake akasikia mkoromo wa friji. Baada ya friji kunyamaza, nyuma yake akasikia nini? Akatega, akatega. Hakuna kitu. Katika Jumapili zote zile hakupata kusikia mlango ukifunguliwa, wala shoga akimwita, wala mtu akiuliza unaongea na nani. Mtoto alikuwa peke yake. Alikuwa peke yake huko, asubuhi ya mapumziko, katika nchi isiyo na mwisho, akimpangia baba yake safari.

Barafu aliketi juu ya mota ya mteja. “Mjinga mimi,” akasema kwa sauti.

Jumapili ya tatu hakungoja. Alisogeza kiti dirishani, akavaa miwani, akatafuta namba na kupiga. Ndipo alipogundua kwamba tangu binti ahamie huko, yeye mwenyewe hajawahi kumpigia hata siku moja.

Iliita mara moja tu.

“Baba!” Binti alikuwa roho juu. “Kuna nini? Nani amefariki? Shangazi?”

“Hakuna aliyefariki.”

“Unaumwa?”

“Mzima. Nimekupigia tu.”

“Umenipigia tu,” binti akarudia polepole, kama mtu anayejaribu kiatu.

“Tiketi nakata kesho, hilo limekwisha. Lakini kabla sijakata kuna jambo ulijue. Kuja nataka. Nimetaka tangu siku ya kwanza. Ila naogopa.”

“Ndege? Baba, ndege haina—”

“Ndege siogopi. Naogopa zile siku mbili za gari. Mimi si mama yako. Sina maneno. Tutakaa mle mimi na wewe, tukishaamkiana tutasema nini? Utanichoka kabla hatujafika kwenye treni. Ndiyo nikawa nakuzungusha. Nilitaka tupange tu, basi, tusifike.”

Upande wa pili pakawa kimya, na kwa mara ya kwanza Barafu hakukimbilia kuagana. Alingoja.

“Baba,” binti akasema mwishowe, “unajua kwa nini nilijaza kila siku? Ziwa, gari, treni, milima. Mimi milima siipendi hata, inanitia kizunguzungu.”

“Sasa?”

“Nilikuwa naogopa tubaki hata siku moja hapa nyumbani, mimi na wewe, kila mtu anaangalia ukuta wake. Nikasema bora tuwe njiani kila siku, angalau tutaangalia dirishani.”

Ilimchoma. Ingemchoma baba yeyote. Lakini nyuma ya mchomo ikaja nafuu kubwa, kama mtu aliyevua viatu vya kubana, akajikuta anacheka. “Kumbe hukurithi kwa mama yako peke yake, na kwangu umechukua.”

“Ndiyo hivyo,” binti akasema, akacheka kidogo naye, akavuta kamasi. Kisha akauliza, “Na tukifuta hayo yote? Umefika, umeweka begi, umekaa. Hakuna ziwa, hakuna treni. Utaniambia nini?”

Barafu aliangalia nje ya dirisha. Watu walikuwa wakipita na shughuli zao. Tangu siku ya mazishi alikuwa ameulizwa kama amekula, kama analala, kama friji la fulani limepona, na yote aliyajibu. Hili hakuwahi kuulizwa, na alishangaa kuona kwamba jibu lake lilikuwa tayari siku zote.

“Nitakuambia nimemkumbuka mama yako.”

Alimsikia binti akivuta pumzi na kuizuia. Hawakuwa wamemtaja hivyo, si huku wala kule, si siku ya msiba wala katika Jumapili moja kati ya zote.

“Usingoje kuja,” binti akasema. “Niambie sasa.”

Barafu akavua miwani. Akaanza na asubuhi, maana asubuhi ndiyo mbaya zaidi.