Nakala ya Fomu Nzima

Nina hasira na sheria, lakini hasira kubwa zaidi ninayo na mwandiko wangu.

Dada yangu ni fundi cherehani. Mumewe alipomvunja mkono mara ya pili, alibeba cherehani yake akahamia ng'ambo ya mji, tukaapa yule mwanamume hatajua ni wapi. Kisha dada akanunua kifaa cha kujikinga, cha kupiga shoti ya umeme, kidogo tu, kinaingia kwenye mfuko wa aproni. Usingizi ukamrudia.

Mimi ndiye niliyeharibu. Ni karani, na fomu yenye nafasi tupu hainipi raha.

"Dada, raia haruhusiwi kuwa nacho bila kibali," nilimwambia. "Ukikamatwa utafungwa wewe, yeye atabaki anadunda mtaani."

"Wewe na sheria zako," akasema, lakini akakubali, maana ananiamini.

Nikaijaza fomu kwa mwandiko ule ule nilioandikia kadi za harusi yake. Jina, kazi, mtaa, hata jina la mume na anwani yake. Penye maelekezo nikaandika: mlango wa tatu baada ya mashine ya kusaga. Ofisa wa vibali akanisifu. Akakitia kifaa kwenye bahasha, akakifungia kabatini mpaka kibali kitoke.

Wiki iliyofuata tulikwenda kuulizia.

"Mambo yanakwenda vizuri," ofisa alisema, akipekua faili. "Mume ameshatumiwa nakala."

Dada alishika ukingo wa meza. "Mume gani?"

"Mwenzi wa mwombaji lazima ajulishwe, hata kama mmeachana. Sheria imewekwa kwa ajili yenu kina mama, waume wasijinunulie silaha kimyakimya."

"Nakala ya nini?" nikauliza.

"Ya fomu nzima."

Nilimtukana matusi ambayo sikujua ninayo. Wahudumu wawili wakaja mlangoni. Mtu mzima na akili zake, hakuona anampelekea nani anwani ya nani!

"Basi turudishie kifaa chetu!"

"Bila kibali? Hilo ni kosa la jinai, dada yangu."

Dada hakulia wala hakunitazama. Tulikimbilia kwake kuchukua cherehani tuhame mchana ule ule. Tulipoipita mashine ya kusaga akasimama ghafla, akaingiza mkono kwenye mfuko wa aproni. Mfuko ulikuwa mtupu.

Mumewe alikuwa ameketi kizingitini, shati limepigwa pasi, karatasi mapajani.

"Shemeji," aliniita, akitabasamu, "mwandiko wako bado mzuri. Sikupotea hata kidogo."