Matete Manene

Wolter, fundi wa kuezeka, alichomoa tete moja kwenye mganda wa Roelof, akalikunja gotini. Likakatika mara moja.

"Mwaka wa tatu huu, Roelof. Haya siezekei hata banda la kuku."

"Yamenipita kimo."

"Hata nguruwe hunenepa. Utamlaza mtu chini yake?"

Akapanda gari, akaenda kununua matete ya Uturuki.

Roelof alibaki mtaroni, katika shamba la matete alilokodi kwa bodi ya maji, buti zikizama. Mvua ikizidi, mji humwaga vyoo vyake humu. Vijidudu vinaitafuna mboji inayoshika mizizi. Chakula cha mimea kilicholala chini miaka na miaka kinatoka chote kwa mpigo, na matete yanafura haraka, laini, yasiyo na nguvu. Zamani ardhi hii ilimbeba yeye na mkewe, Geesje, na miganda yao. Majira ya baridi yaliyopita Geesje alijikata ugoko kwa mundu papa hapa, na maji haya machafu yakaingia kwenye jeraha. Daktari alisema vijidudu vimeshafika kwenye damu. Hakurudi nyumbani.

Kwenye mkutano wa bodi ya maji kila mtu alipewa kahawa na biskuti moja. Roelof alisimama bila kuitwa, akataka bomba la maji taka lizibwe kabla shamba halijamfia. Mwenyekiti, Bwana Terpstra, akaonyesha ukutani picha ya shamba lenyewe, kijani tupu.

"Mzee wangu, jionee. Mimea yenye shida hunawiri hivi?"

Watu wakacheka kwa adabu.

"Na mke wangu?"

"Pole sana. Lakini uhusiano haujathibitishwa." Akaashiria picha inayofuata.

Ilikuwa shamba lile lile, limechorewa jukwaa la mbao la kutazamia ndege. Bodi, alieleza, haitamkodishia tena Roelof shamba hilo. Matete yataachwa yakue kwa ajili ya ndege na wageni. Roelof akauliza yeye atakula nini. Jirani yake akamvuta koti, akamwambia akae, wengine nao wana maswali.

Mwezi Mei jukwaa lilifunguliwa. Mvua ilikuwa imenyesha kutwa nzima ya jana yake, na karatasi za chooni zilikuwa zimenasa kwenye mashina ya matete. Roelof alisimama nyuma, mikono mfukoni. Mbele, Terpstra alivuta pumzi kwa nguvu.

"Hiyo ndiyo harufu ya asili," akawaambia wageni.

Nao wakavuta.