Wenye Nyumba Hula Saa Kumi na Mbili

Jioni moja ya Juni 2017, Célestine, fundi cherehani kutoka Bukavu, alikuwa akisonga bugali katika nyumba ya kizamani ya mtaa wa Bertrams, jiji la migodi ya dhahabu kusini mwa Afrika, alimopanga chumba, pale mwenye nyumba wa kwanza alipotokea ukutani na kuvua kofia. Alikuwa amekufa tangu enzi za Malkia Viktoria. Célestine akampakulia. Kwao mgeni haulizwi shida kabla hajala, na kosa lilianzia hapo, maana maiti akishashiba hana haraka ya kwenda popote.

Kesho yake alileta wenzake. Yeye, Bwana Pettigrew, ndiye aliyeijenga nyumba kwa faida ya mgodi. Bwana Abramowitz, mshona kofia, aliinunua kwa mjane wa Pettigrew. Senhor Freitas wa duka la mboga aliinunua kwa Abramowitz.

"Nani alipaka dari yangu kijani?" aliuliza Pettigrew.

"Mimi," alisema Freitas. "Na wewe uliyeacha choo uani, usinifundishe ustaarabu."

Nyuma yao aliingia Nomsa, aliyewafulia Abramowitz na Freitas mpaka akafa. Pettigrew hakuwahi kumwona alipokuwa hai, ila huko huko ahera alishaanza kumtuma chai. Nomsa alichukua sufuria chafu akaenda nazo uani.

Wapangaji hawakulalamika, isipokuwa foleni ya bafuni ilirefuka.

Agosti akaja mwenye nyumba aliye hai, Papa Octave, kutoka Randburg. Naye ni mtu wa Bukavu, na zamani akiuza mikanda Marshalltown alilala chumba hicho hicho.

"Mama Exaucé," alimwambia Célestine, akimwita kwa jina la mwanawe, "sisi ni ndugu. Lakini watalii wanapenda nyumba za kizamani. Mwisho wa mwezi mutoke."

"Wateja wangu wote wanalijua baraza hili, Papa Octave. Cherehani niiweke wapi, kichwani?"

"Roho inaniuma, ndugu yangu."

"Inakuuma wapi? Nikushonee."

Kisha akamkaribisha chakula. Alikuwa na hesabu zake: wafu waliokula sombe yake, majani ya muhogo, msimu mzima wa baridi hawangekosa kumtetea.

Saa kumi na mbili wakaja. Pettigrew alimkagua Octave kuanzia viatu.

"Nyumba ni yako?"

"Yangu."

"Vuta kiti."

Octave, ambaye marehemu bibi yake humtembelea kila Krismasi, akavuta kiti. Wakaongea juu ya bati linalovuja na wapangaji wanaochakaza sakafu. Kisha wakapiga kura: wapangaji watoke. Freitas akaomba aongezwe sombe.

"Eish, Senhor! Unanifukuza huku umenyoosha sahani?"

"Mapishi yako hayana kosa," alisema Freitas.

Nomsa hakupiga kura. Alikuwa uani na sufuria.

Célestine akahamia Hillbrow, ghorofa ya tisa, lifti mbovu. Wateja walipanda ngazi mara moja, wakatafuta fundi wa chini. Bertrams watalii wakajaa, na chumba anachopita Pettigrew kikapandishwa bei.

Jioni ya kwanza huko Hillbrow, Nomsa alitoka ndani ya ile lifti mbovu. Célestine akampakulia, akamvutia kiti, akakipangusa kwa kanga.

"Kaa, Mama Nomsa. Mwenye nyumba wa huku hatujawahi kumwona."

Nomsa akakitazama kile kiti kwa muda. Akashukuru, akauliza sufuria chafu ziko wapi.